Ngao ya Mapafu Haiuzwi Mkebeni

(Mazungumzo yetu na vikundi vya kujisaidia vya Hewani na vijiji jirani. Tumeyachapa kwa ajili ya vikundi ambavyo havikuweza kufika.)

  Tunashukuru kwa chai na viazi, na tunashukuru zaidi kwa kuwa mmetuita kabla ya kutoa pesa, siyo baada.

Maana jambo lenyewe ni pesa. Mlitueleza kwamba watu wawili walipita hapa na mikebe ya vidonge. Walisema ndani yake mna kitu kiitwacho antioksidanti, na kwamba anayemeza kila siku mapafu yake hayataharibika, si kwa moshi, si kwa nimonia, si kwa sumu ya shambani. Kikundi kimoja cha akina mama kimeombwa kitoe akiba yake yote, kinunue katoni mbili, kiuze kijijini na faida wagawane. Wakasema, ngoja kwanza tuwaulize watu wa kanisa. Basi tumekuja kujibu. Jibu letu lina ndiyo na lina hapana, na tunaomba mtu asisikie ile ndiyo akainuka kwenda zake.

Kijiji hiki kinaitwa Hewani, na jirani yenu hapo ni Ngao. Hatukupanga sisi, lakini leo habari yetu ni ya hewa na ya ngao.

Chukueni jembe, liacheni nje msimu mmoja wa mvua. Mtalikuta na kutu. Kateni ndizi, iacheni kwenye sahani, inabadilika rangi. Mafuta ya nazi yakikaa muda mrefu yanachacha. Katika mambo haya yote mna kazi ya hewa, hasa ile sehemu ya hewa iitwayo oksijeni. Bila oksijeni mtu hafiki hata dakika kumi, lakini ndiyo hiyo hiyo inayokula chuma na kuchachisha mafuta. Ndani ya mwili pia inafanya kazi zote mbili. Inatupa nguvu, na papo hapo inaacha chembe kali ambazo zikizidi zinaunguza nyama ya mwili.

Sasa, ile ndizi mkiipaka ndimu mnajua inavyochelewa kugeuka rangi. Ndimu ina vitamini C, na vitamini C hujitoa yenyewe iunguzwe kwanza ili kitu kingine kipone. Kitu cha namna hiyo ndicho kinachoitwa antioksidanti. Kwa hiyo wale wauzaji hawakubuni neno. Kitu kipo, na mapafu yenu yanakitumia hivi sasa mnapotusikiliza. Ndani ya mapafu mna vifuko vidogo vya hewa, mamilioni kwa mamilioni, na juu ya ngozi yake nyembamba pana utando wa majimaji. Katika majimaji hayo mna vitamini C, vitamini E na kingine kiitwacho glutathioni, ambacho mwili hukitengeneza wenyewe kutokana na protini ya chakula, kama vile samaki, maharagwe, kunde na maziwa. Walinzi hawa wako zamu usiku na mchana.

Kuna jambo linalotuchekesha kila tukilisema. Mbuzi anajitengenezea vitamini C mwilini mwake. Hahitaji embe wala pera. Binadamu hawezi. Sisi lazima tuile, na tuile mara kwa mara, kwa sababu mwili hauwezi kuiweka akiba kwa muda mrefu. Kwa hiyo katika jambo hili mbuzi wa jirani amemshinda mwenyekiti wa kikundi.

Hiyo ndiyo sehemu ya ndiyo. Hapana inaanza hapa.

Mapafu huharibika kwa njia mbili. Moja ni ya polepole, kama moshi wa jikoni wa miaka thelathini. Nyingine ni ya ghafla, ya saa chache au siku mbili tatu, na hii ndiyo inayoua watu wenye nguvu zao. Madaktari wa Marekani, Ashbaugh na wenzake, waliieleza mwaka 1967 baada ya kuona wagonjwa 12 ambao sababu zao zilikuwa mbalimbali, lakini mapafu yao yote yalifanya jambo moja. Nyinyi watu wa mto mtaelewa upesi kuliko watu wa Nairobi. Ni mafuriko. Ukuta wa kile kifuko cha hewa unatoboka, majimaji ya damu yanavuja kuingia ndani, na pale penye nafasi ya hewa panajaa maji. Mtu anapumua kwa nguvu zake zote na hewa haiingii kwenye damu. Ni kama shamba la mpunga lililofunikwa na Tana. Mvua iendelee kunyesha au ikome, kwa wakati huo mpunga haupati hewa.

Kinachotoboa ukuta ni nini? Mara nyingi ni nimonia kali, au uchafu ulioingia kwenye damu kutoka kidonda au uzazi. Malaria kali pia hufanya. Mtu aliyeokolewa majini naye yumo hatarini, hata kama amekaa chini anaongea. Moshi wa nyumba inayoungua, mafuta ya taa yaliyoingia njia ya hewa, sumu ya magugu. Na mwaka 2020 wote tuliona ugonjwa wa Korona ukifanya hivyo hivyo. Mnakumbuka bei ya ndimu na tangawizi ilivyopanda wakati ule!

Katika mafuriko haya zile chembe kali zimo. Vijidudu vinapoingia, askari wa mwili huvipiga kwa moto wa oksijeni, na moto huo ukikosa mpaka unachoma adui pamoja na nyumba. Kwa hiyo wataalamu walijiuliza swali lile lile la wauza mikebe. Je, tukimwagia antioksidanti nyingi si moto utazimika?

Wamejaribu, tena siyo mara moja. Mwaka 2019 huko Marekani walichapisha majaribio ya wagonjwa 167 waliokuwa na mapafu ya namna hiyo kutokana na uchafu wa damu. Nusu walitiwa vitamini C nyingi kwenye mshipa. Kile hasa walichokuwa wakipima, yaani kuharibika kwa viungo, hakikubadilika, ingawa waliofariki walikuwa wachache kwa upande wa vitamini. Watu wakapata matumaini. Basi likafanywa jaribio kubwa zaidi, Kanada, Ufaransa na New Zealand, wagonjwa 872 wenye uchafu wa damu, likachapishwa mwaka 2022. Safari hii waliopewa vitamini C ndio walioumia zaidi. Waliofariki au waliobaki viungo vimeshindwa kufikia siku ya 28 walikuwa 44.5 kwa kila 100, na wale waliopewa maji matupu walikuwa 38.5. Hiyo ni dawa ya kutiwa mshipani, hospitali zenye kila mashine. Sasa kidonge cha mkebe, kinachouzwa juu ya baiskeli, kitafanya nini?

Tena kuna jambo la zamani kidogo ambalo wauzaji hawapendi lisemwe. Huko Finland wanaume 29,133 wavutaji wa sigara walipewa vidonge kwa miaka kadhaa. Wengine walipewa betakarotini, ile rangi ya manjano iliyomo katika embe na karoti. Ilitegemewa kwamba itawakinga na kansa ya mapafu. Matokeo yalipotoka mwaka 1994, waliomeza betakarotini ndio waliopata kansa hiyo zaidi, kwa asilimia 18. Marekani nako walikuwa na majaribio yanayofanana na hayo, wakayasimamisha mapema mwaka 1996 kwa sababu hiyo hiyo. Wazee wetu mnaovuta tumbaku, tunawaomba kwa heshima, vidonge hivi kwenu ni hatari.

Mzee mmoja alituuliza, kwani si ni kitu kile kile, iwe kwenye embe au kwenye kidonge? Swali zuri. Embe lina betakarotini kidogo kidogo, pamoja na vitu vingine vingi, na tumbo linakwambia basi. Kidonge kinakupa kiasi ambacho hakuna mtu angeweza kukila shambani, kila siku, mwaka baada ya mwaka. Chumvi ni nzuri kwenye mchuzi, lakini hakuna anayemeza kibaba cha chumvi.

Msitoke hapa mkisema kanisa limekataza vitamini. Kuna mahali ambapo imeokoa watoto waziwazi. Mjini Cape Town madaktari Hussey na Klein walichukua watoto 189 waliolazwa na surua kali, wengi wao surua ikiwa imeingia mapafuni. Mwaka 1990 walitangaza matokeo. Walikufa watoto 12. Kumi kati yao walikuwa wale ambao hawakupewa vitamini A, wawili walikuwa wale waliopewa. Hata nimonia iliondoka upesi zaidi kwa waliopewa. Hapa vitamini A hufanya kazi yake nyingine, ya kutengeneza upya ngozi ya ndani ya njia ya hewa, na inamsaidia zaidi mtoto ambaye mwili wake ulikuwa umepungukiwa. Ndiyo sababu watoto wa Kenya wa miezi 6 hadi miaka 5 hupewa tone la vitamini A kila baada ya miezi sita. Ni bure. Akina mama, mkisikia wiki ya Malezi Bora imetangazwa, msiseme mtoto mzima haendi zahanati.

Kwa hiyo ngao yenyewe ipo, lakini hujengwa kabla ya vita. Mafuriko yakishaingia ndani hatujengi tena kingo, tunatafuta mtumbwi.

Tuanze na kingo. Hapa kwenu msimu wa maembe yanaoza chini ya miti hadi nguruwe mwitu wanachagua. Ngowe na dodo zote zina betakarotini na vitamini C. Mapera yana C nyingi kuliko maembe. Ubuyu pia unayo. Majani ya kunde, mchicha, matembele, kisamvu, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, maboga, vyote ni vya hapa, na hakuna mtu anayehitaji kutoa akiba ya kikundi kuvipata. Karanga na simsim zina vitamini E.

Ila jamani tunaviua jikoni. Mboga inachemshwa saa nzima, maji yanamwagwa, tena na magadi ndani ili ilainike upesi. Magadi ni adui mkubwa wa vitamini C. Kama mzee hawezi kutafuna, katakata majani madogo zaidi, usitie magadi. Pika kwa muda mfupi, mchuzi wake uliwe. Na tui la nazi ambalo bibi zetu walilitia kwenye mchicha siyo anasa, kwani ile rangi ya manjano iliyojificha ndani ya kijani huingia mwilini vizuri ikiwa na mafuta. Wanaokausha maembe, msiyaanike kwenye jua kali bila kifuniko. Jua linaondoa kile mnachotaka kubaki nacho. Fanyeni kivuli chenye upepo.

Hayo ni ya chakula. Lakini tukimpa mama maembe kumi kwa siku, halafu arudi kuinama juu ya mafiga matatu yenye kuni mbichi na mtoto mgongoni, tumefanya kazi gani? Ni kumpa askari ngao ya makuti na kumpeleka mbele ya bunduki. Katika Laikipia, hapa hapa Kenya, wataalamu wawili, Ezzati na Kammen, walifuatilia familia 55, wakipima moshi ndani ya nyumba na kuhesabu magonjwa ya kifua ya watu 345, wakubwa na wadogo. Walichapisha mwaka 2001. Moshi ulipozidi, ugonjwa ulizidi. Moshi ulipopungua, hata kabla haujaisha kabisa, ugonjwa ulipungua. Na waliovuta moshi mwingi zaidi walikuwa wanawake, kwa sababu wao ndio wanaokuwa karibu na moto wakati ule unapotoa moshi mzito kuliko wote, yaani wakati wa kuchochea. Sisi wanaume tunaokuja jikoni sufuria ikishaiva tusiseme moshi siyo mwingi.

Jiko la udongo la kuni, lile lililoitwa Maendeleo na baadaye Upesi, limejulikana Kenya tangu miaka ya themanini. Halimalizi moshi. Linapunguza kuni na linapunguza moshi, na kama ukuta wa jikoni una nafasi juu, chini ya makuti, moshi unapata njia. Kuni zikaushwe. Baada ya mafuriko hili ni gumu, tunajua, lakini hata kuzipanga juu ya dari wiki mbili ni tofauti kubwa. Mtoto akae mbali na moto. Huyo ndiye wa kwanza.

Sasa tuje kwenye yale ya ghafla, na hapa tutajishtaki wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, katika stoo yetu, mafuta ya taa yaliwekwa kwenye chupa ya soda. Ni sisi tuliyaweka. Mtoto wa mlinzi alikuwa na kiu, akanywa, akapaliwa, akaanza kukohoa. Tukakimbia, tukamnywesha maziwa, mmoja wetu akamtia kidole kooni atapike. Alitapika, na sisi tukapumua, tukasema yametoka. Kufika jioni mtoto alikuwa akipumua kama mbwa aliyekimbia, mbavu zinaingia ndani. Hospitalini tukaulizwa nani alimtapisha. Mafuta ya taa tumboni hayana madhara makubwa kama yakiingia mapafuni, na yalipokuwa yakitoka ndipo yalipoingia tena kwenye njia ya hewa. Mtoto alipona baada ya siku nyingi. Tunamshukuru Mungu, lakini kosa lilikuwa letu mara mbili, la chupa na la kidole. Mtu akinywa mafuta ya taa au petroli asitapishwe, asipewe maziwa wala mafuta ya kupikia. Apelekwe zahanati mara moja, hata kama anacheka.

La pili ni dawa ya magugu iitwayo parakwati. Siyo kila dawa ya magugu ni hiyo, ndiyo maana mnaambiwa kibandiko kisibanduliwe kamwe. Parakwati ikimezwa, mapafu huivuta na kuikusanya kuliko sehemu nyingine ya mwili, na humo inawasha ule moto wa oksijeni bila kukoma. Funda moja laweza kuua. Mtu anaweza kuonekana nafuu siku mbili, kisha mapafu yanakauka polepole akifahamu kila kitu. Hakuna dawa ya kuiondoa. Vitamini C na vitamini E zimejaribiwa na hakuna aliyeonyesha kwamba zinaokoa. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliiondoa sokoni mwaka 2007. Wale waliowaambia kwamba vidonge vyao vinakinga sumu ya shambani, hilo ndilo neno lililotukasirisha kuliko yote. Mtu akiliamini atapiga dawa bila glavu.

Na nimonia? Mhesabu pumzi. Mtoto ametulia, halii, hanyonyi, mwenye saa aangalie dakika nzima. Mtoto wa chini ya miezi 2 akifika pumzi 60, wa miezi 2 hadi 11 akifika 50, wa mwaka 1 hadi 5 akifika 40, apelekwe. Sehemu ya chini ya kifua ikiingia ndani anapovuta hewa, hakuna kusubiri asubuhi.

Wanaotuambia kwamba ugonjwa huu wa mapafu ni wa wakubwa na wa nchi tajiri tunawapa habari ya Kigali. Katika hospitali kuu ya chuo kikuu huko, madaktari walichunguza wagonjwa 1,046 wakakuta 42 wenye mafuriko haya ya mapafu. Nusu yao walifariki. Umri wa katikati ulikuwa miaka 37. Kwa vipimo vya vitabu vya Ulaya hakuna hata mmoja angehesabiwa, kwa sababu vipimo hivyo vinataka mashine ambazo hazikuwapo. Wao walitumia kipimo kidogo cha kubana kidoleni na mashine ya picha za sauti. Hayo yalichapishwa mwaka 2016. Kinachowasaidia wagonjwa hawa ni oksijeni, dawa ya kile kilicholeta ugonjwa, na kufika mapema. Kutoka hapa hadi Ngao barabara ikiwa kavu siyo mbali. Usiku, na maji yamejaa, ni habari nyingine.

Kwa hiyo akina mama waliotuita, maoni yetu ni haya. Katoni msinunue. Akiba ile igawanywe mara mbili. Sehemu moja iwe ya majiko, zamu kwa zamu, mkianza na nyumba zenye watoto wachanga. Sehemu ya pili ikae kwa mweka hazina, isiguswe kwa mkopo wala kwa matanga, iwe nauli ya usiku, ya mtumbwi na ya bodaboda. Mkubaliane leo na mwenye mtumbwi bei yake ya saa nane usiku, mbele ya mashahidi, maana bei ya saa nane usiku huwa inatungwa papo hapo. Na mtu mmoja atumwe kuuliza ni wapi penye oksijeni inayofanya kazi, siyo penye mtungi tu. Aulize tena kila baada ya miezi mitatu.

Mwenyekiti amesema watapiga kura wenyewe Jumamosi, na ni haki yao. Kwa wale walioamua tayari habari ya majiko, fundi atakuwa nyuma ya kanisa Jumatatu asubuhi. Kila mtu aje na ndoo moja ya udongo wa kichuguu na kipimo cha sufuria yake kubwa. Wenye chupa za soda zenye mafuta ya taa nyumbani waje nazo pia, tuna madebe madogo yenye vifuniko.